Kamera ya Kuchukua Mtumbwini

Mtu anayeingia dukani kununua kamera ya dijitali kwa ajili ya safari zake za kuvua samaki aghalabu hutajiwa kwanza idadi ya megapikseli. Muuzaji huitaja kwa majivuno, kama mchuuzi mnadani atajavyo uzito wa fahali. Kumbe hilo ndilo lifaalo kuulizwa mwisho. Picha ya kawaida ya albamu, ya sentimeta 10 kwa 15, huhitaji megapikseli 2 hivi ili itoke safi. Ile ya kutundika ukutani, yenye ukubwa wa karatasi ya A4, huhitaji 9 hivi. Kamera ya megapikseli 12 yatosha na kubakiza. Katika kamera ndogo, nukta zikizidi mno husongamana juu ya kipande kidogo kipokeacho mwanga, na picha za alfajiri hutoka na chengachenga. Na alfajiri ndiyo saa ya mvuvi.

La kwanza kuulizwa ni maji. Mtumbwini maji huingia kwa wimbi, kwa kasia, kwa mvua na kwa mikono ya mvuvi mwenyewe. Kamera ya kawaida, hata ya bei kubwa, haina kinga dhidi ya hayo. Tone moja likipenya penye betri, mwenyewe amekwisha hasara. Zipo kamera ndogo zilizoundwa kustahimili maji, ambazo lenzi yake haichomozi nje hata inapovuta picha karibu. OM System TG-7, iliyotolewa mwaka 2023, ni mojawapo: yaweza kuzama mita 15, na kuangushwa kutoka mita 2 bila kuharibika. Isisahauliwe, hata hivyo, kwamba kustahimili maji si kuelea. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipo pa kina kuliko pote, na kamera iteremkayo huko hairudi. Kwa hiyo ukanda wa kuelea wa kufunga mkononi ununuliwe siku ile ile ya kununua kamera.

Wengi watauliza: ya nini kamera, ilhali simu ya mfukoni hupiga picha nzuri? Swali hilo ni la haki, na kwa mtu avuaye akiwa amesimama ufukoni jibu ni kwamba asinunue. Mtumbwini mambo ni mengine. Simu nyingi zisemwazo kuwa hazipitishi maji zimejaribiwa katika maji safi yaliyotulia, na aghalabu dhamana ya mtengenezaji haifidii simu iliyoharibiwa na maji. Kioo chake nacho hakitii vidole vilivyolowa. Kubwa zaidi ni kwamba siku hizi simu ndiyo mkoba wa nyumba. Ikizama, fedha zilizomo katika laini haziliwi na ziwa, lakini mpaka laini irudishwe, mke na watoto watasubiri ya unga na mafuta ya taa. Mwenye nyumba aipime hasara hiyo kabla ya kusema kamera ni anasa.

Baada ya maji, mnunuzi atazame vitufe. Avivae glavu au alowanishe vidole, kisha ajaribu kuiwasha palepale dukani na kuona ni muda gani unapita mpaka picha ya kwanza. Wepesi huo una maana kubwa kwa samaki anayetakiwa kurudishwa hai. Katika mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wavuvi wa burudani aghalabu humrudisha sangara majini baada ya kumpiga picha. Kuhe wa Tanganyika, dume na jike, hulinda vitoto vyao pamoja. Anayenaswa wakati huo huacha kundi zima bila mlinzi wa pili. Samaki wa namna hiyo akae majini mpaka kamera iwe tayari, ashikwe kwa mikono iliyolowa, na anyanyuliwe kwa muda mfupi tu. Mwenye kamera isiyopitisha maji anaweza hata kuizamisha na kumpiga picha humo humo, asimtoe kabisa. Magamba ya fedha hurudisha mwanga kama kioo, basi taa ya kamera izimwe na jua liachwe mgongoni mwa mpiga picha.

Matunzo yake ni machache. Kifuniko cha betri kisifunguliwe mtumbwini, na mpira wake ukaguliwe nyumbani kabla ya safari, kwani unywele mmoja au chembe ya mchanga yatosha kuruhusu maji. Atokaye baharini aisuuze kamera kwa maji baridi ili chumvi itoke, aipanguse kwa kitambaa laini, kisha aianike kivulini, kifuniko kikiwa kimefungwa mpaka ikauke.