Deni la mkopo wa chuo lifuate msimu wa biashara

Wafanyabiashara wadogo wanaozunguka Chuo Kikuu cha Ushirika na vyuo vingine vya mjini Moshi hawahitaji kusoma gazeti ili wajue kwamba fedha za mikopo ya wanafunzi zimetoka. Mama lishe huongeza sufuria, steshenari hujaa watu, wenye nyumba hukumbushia kodi na madeni ya daftarini dukani hufutwa kwa siku mbili tatu. Wanafunzi wenyewe huziita fedha hizo bumu. Kwa mwanafunzi anayepata sh. 10,000 kwa siku za chakula na malazi, siku 60 ni sh. 600,000, na sehemu kubwa huishia katika maduka, magenge na vyumba vya kupanga vya mji huu.

Hiyo ndiyo sura ya mkopo inayofahamika sokoni. Sura ya pili, yaani kuulipa, haizungumzwi sana, ingawa wengi waliokula bumu miaka ya nyuma leo ni wenye maduka Mbuyuni, Kiboriloni na Himo.

Ikumbukwe kwamba mikopo hii haikuanza jana. Serikali iliingiza sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu mwaka 1992, na waliokopeshwa tangu mwaka wa masomo 1994/95 wanahesabiwa kuwa wadaiwa. Msimu huo huo biashara ya kahawa nayo ilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda hadi Kibosho, Machame na Marangu kufanya kazi iliyokuwa ya vyama vya msingi na KNCU. Kwa familia za mlimani, ambazo kwa miongo mingi zililipa ada kwa kahawa, bei ya zao na gharama ya chuo ziliingia sokoni kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya dunia ilipoporomoka, wapo waliong'oa mibuni, lakini watoto waliendelea kufaulu.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo fedha zimeongezeka sana: bajeti ya mikopo ya mwaka 2021/22 ilifikia sh. bilioni 570, na ya mwaka 2024/25 ilikuwa sh. bilioni 787. Fedha hizi ni za mzunguko. Anayelipa leo anamsomesha mtoto wa jirani yake, na asiyelipa anamnyima. Hoja kwamba wadaiwa walipe haina mjadala. Mjadala ni namna ya kulipa.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya mwenye ajira kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato hayo yanauma, lakini yanafuata mshahara. Mwenye mshahara wa sh. 400,000 hukatwa sh. 60,000, na akiachishwa kazi makato nayo husimama. Kwa aliyejiajiri, sheria ilitaja kiasi kisichopungua sh. 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi. Hapo ndipo penye tatizo. Mhitimu anayeuza mitumba akabakiwa na faida ya sh. 400,000 kwa mwezi mzuri, sh. 100,000 ni robo ya faida hiyo. Mwezi mbaya akipata sh. 150,000, ni theluthi mbili. Mwajiriwa wa kipato kile kile amelipa sh. 60,000 na hakuingia hasara ya nguo zilizochakaa wala ushuru wa meza.

Inawezekana waliotunga kiwango hicho waliogopa kwamba mfanyabiashara ataficha mapato. Hofu hiyo si ya bure, kila mtu sokoni anamjua anayeficha. Lakini kiwango kisichojali mapato humfukuza hata yule mwaminifu, kwa kuwa akijitokeza anajifunga na mzigo wa kila mwezi ambao Aprili na Mei, wakati wa masika, hawezi kuubeba.

Inafaa kutambua kwamba kikwazo kimoja kikubwa kimekwisha kuondolewa. Mwaka 2021 Serikali ilifuta tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Kabla ya hapo mwenye deni la sh. milioni 10 aliongezewa kama sh. 600,000 kila mwaka, hivyo hata aliyelipa sh. 100,000 kila mwezi aliona nusu ya jasho lake inamezwa na tozo. Tangu tozo ifutwe, kila shilingi inayolipwa inapunguza deni. Mfanyabiashara anayelipa riba ya benki au ya kikundi cha kukopeshana anaweza kufanya hesabu mwenyewe: mkopo wa chuo ni fedha ya bei rahisi kuliko nyingine yoyote mjini, na mzazi anayeuza sehemu ya kihamba au kukopa kwa riba kabla mtoto hajaomba mkopo wa Serikali anajitia hasara.

Lakini katika kuomba nako mizani ile ile haimwoni mtu asiye na hati ya mshahara. Katika kupima uhitaji, Bodi imekuwa ikitazama pia ada aliyolipiwa mwombaji akiwa sekondari. Mkoa wa Kilimanjaro umejaa sekondari za binafsi na za makanisa, na wazazi wengi waliowapeleka watoto huko walifanya hivyo kwa kuuza ng'ombe, kwa michango ya ukoo au kwa fedha ya mjomba aliyeko Dar es Salaam. Risiti ya ada inaonyesha kiasi kilicholipwa, haionyeshi kilichobaki nyumbani. Vivyo hivyo leseni ya biashara ukutani si ushahidi wa faida.

Mzazi mfanyabiashara ana sababu nyingine ya kufuatilia jambo hili. Fomu ya mkopo huwa na mdhamini, na mara nyingi ni yeye. Isitoshe, taarifa za wadaiwa sugu zinaweza kufikishwa kwenye taasisi zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, ambazo mabenki huzitazama kabla ya kutoa mkopo. Kijana aliyelikimbia deni la chuo kwa miaka minane anaweza kukutana nalo siku anayoomba mtaji wa kupanua duka, tena akiwa na mzigo njiani.

Kinachopendekezwa si msamaha. Kiwango cha chini cha sh. 100,000 kiondolewe, ibaki asilimia ya kipato, na malipo ya aliyejiajiri yahesabiwe kwa mwaka badala ya mwezi. Mamlaka ya Mapato yenyewe huwakadiria wafanyabiashara wadogo kwa mauzo ya mwaka na kuwagawia awamu. Bodi inaweza kutumia makadirio hayo hayo bila kuajiri mkaguzi mmoja zaidi.

Mlimani kila mtu anajua fedha ziko lini. Zipo kahawa inapouzwa, na zipo zaidi Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani kula sikukuu na barabara ya Marangu kujaa magari. Mwenye duka Himo ambaye wiki mbili hizo humpa mauzo ya miezi miwili ya masika anaweza kuchukua namba ya malipo na kulipa sh. 500,000 kwa mkupuo, kwa simu yake, akiwa kaunta. Anachokosa ni uhakika kwamba Aprili, asipotuma kitu, hataandikwa mdaiwa sugu.