Kikorea si kigumu, muulize Muorma
Wasee, wengi wetu tunaanza Kikorea sababu ya drama, wiki ya pili tushaacha, eti sentensi zimepinduka. Tulia. Sisi tunasema "mimi nakula wali". Mkorea anasema "jeoneun babeul meogeoyo": mimi, wali, nakula. Kitenzi kinakaa mwisho. "Neun" inaonyesha tunaongea juu ya nani, "eul" inaonyesha kinacholiwa. Ndo hivyo tu.

Sasa sisi Wapokomo wa Wenje tunalia ni ngumu, na jirani yetu Muorma anaweka kitenzi mwisho tangu utotoni! Lugha ya Seoul tunaitafuta kwa simu, Kiorma cha hapa mlangoni hata salamu hatujui. Mi naona tumeruka hatua. Anza na jirani, Seoul haihami.