Nyumba ya Mbao Haiokolewi na Gundi Kali

Wasomaji wetu walioko Sweden, Kanada au Marekani, na ndugu zao wanaochangia kununua nyumba huko, wanajua kwamba nyumba nyingi za nchi hizo husimama juu ya fremu ya mbao. Ili baridi isipenye, kuta za baadhi ya nyumba hizo huvishwa kwa nje vibao vya polistirini au pamba ya mawe, kisha plasta nyembamba yenye wavu wa nyuzi za kioo. Mara nyingi kinachovishika vibao hivyo ni gundi, na wauzaji huinadi kwa nguvu zake za kushika. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba anayeanza kwa kuuliza gundi ipi ni kali zaidi ameanzia pabaya. Aulize kwanza maji yakiingia nyuma ya kibao yatatokea wapi.

Ufundi huu ulizaliwa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, ukakua kwenye kuta za matofali na zege. Ukuta wa zege ukilowa, hukauka taratibu na hauozi. Mbao ni habari nyingine. Hutanuka zikipata unyevu na kusinyaa zikikauka, kwa hiyo gundi ya saruji, ngumu isiyonyumbuka, huweza kupasuka au kubanduka juu ya plaiwudi. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa gundi isiyo na saruji kwa ajili ya mbao. Hapo tumetatua tatizo la kushika tu. Unyevu wa mbao ukipita takriban asilimia 20 na kubaki hapo, kuvu hupata makao, na gundi iliyopakwa ukuta mzima bila kuacha mwanya huyafungia maji humo humo.

Yaliyotokea Wilmington, North Carolina, katikati ya miaka ya 1990 yanatosha kumshtua mtu. Nyumba ambazo hazikuwa na miaka mingi zilikutwa na mbao zilizooza nyuma ya plasta iliyoonekana nzima kabisa. Sweden nayo ilipitia hayo hayo muongo uliofuata, hadi Machi 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba nyumba zilizojengwa kwa plasta isiyo na mwanya zilikuwa na kasoro, ingawa zilipojengwa wenye fani waliiona njia hiyo kuwa ya kawaida.

Wakandarasi hujitetea kwamba kosa halikuwa la plasta wala gundi, ni la madirisha yaliyofungwa vibaya. Kweli, maji mengi yaliingilia pembeni mwa madirisha na pale paa linapokutana na ukuta. Lakini ni nyumba gani isiyo na dirisha? Mfumo unaosalimika tu pale kila fundi asipokosea hata mara moja umeundwa kwa ajili ya dunia ambayo haipo.

Wengine husema mwanya hupoteza joto. Kwa mwanya wa milimita chache hasara ni ndogo. Hata gundi yenyewe inaweza kuutengeneza: fundi anaipaka kwa mwiko wa meno, mistari ikisimama wima juu ya utando wa kuzuia maji, na maji yanateremka katikati ya mistari hadi chini, ambako lazima yaachiwe tundu. Mistari hiyo ikilazwa, kila mmoja unageuka kuwa bwawa dogo. Skrubu nazo zinaweza kushika vibao, ingawa kila skrubu ya chuma hupitisha joto kidogo na kuacha tundu kwenye utando.

Hoja nzito zaidi ni ya moto. Grenfell Tower, London, walikufa watu 72 mwaka 2017, na upenyo uliokuwa nyuma ya mabati ya nje ulisaidia kuupandisha moto. Jengo lile lilikuwa la zege, lakini hofu hiyo ina msingi hata kwenye mbao, hasa pakiwa na polistirini. Jawabu langu ni pamba ya mawe, ambayo haiungui, pamoja na vizuizi vya moto katika upenyo kwenye kila ghorofa. Gharama itapanda, na sioni njia ya kuikwepa.

Basi mwenye nyumba asitie saini mkataba unaotaja jina la gundi na bei yake peke yake. Adai mchoro unaoonyesha utando, mwanya, mabati ya kuelekeza maji juu ya kila dirisha na tundu la kutokea maji chini ya ukuta, kisha aende kuukagua ukuta mwenyewe kabla vibao havijaufunika.