Blinde ambayo haikufika

Jumamosi moja jioni, karibu saa mbili za usiku, video fupi iliingia katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa letu. Mablinde manne ya magurudumu manane yanapita barabarani gizani, mizinga juu, cheche zinaruka kando. Chini yake mtu alikuwa ameandika jina la barabara ambayo sisi sote tunaijua, jina la jeshi la nchi jirani, na neno moja: wameingia. Tuliitazama mara moja tu. Kisha tukaituma kwenye kundi la wazee na lile la kwaya, tukaongeza: "Tuombe." Neno hilo ndilo lililotuuma baadaye. Waumini hawakuliona kama mwito wa maombi. Waliona kwamba mchungaji amethibitisha.

Usiku ule familia kadhaa zilifunga magodoro. Bibi mmoja mwenye ugonjwa wa presha alipandishwa kwenye pikipiki, na dawa zake zikabaki mezani. Jirani mmoja wa kanisa, ambaye kosa lake pekee ni lugha anayozungumza na watoto wake nyumbani, aliamka akakuta mlango wa duka lake umepigwa mawe. Na hakuna jeshi lililopita barabara ile usiku ule, wala kesho yake.

Jumatatu kijana mmoja wa kwaya alitujia. Tuliwahi kumkemea huyo mbele ya wenzake kwa kupoteza saa zake kwenye michezo ya kompyuta. Alisema kwa sauti ndogo: "Pasta, ile si blinde ya nchi yoyote. Ile ni Marshall." Akatuonyesha gari lile lile, kutoka pembe ile ile, ndani ya mchezo.

Inafaa wapendwa wajue ni mchezo gani, kwa sababu video zake zitafika tena. Unaitwa Arma 3. Ulitolewa mwaka 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya nchi ya Cheki. Hauchezwi kwa simu kama ile ya watoto. Watu huungana kwa intaneti, wakagawana vyeo na kazi: huyu kamanda, huyu dereva wa blinde, huyu mganga wa kikosi, na kila mmoja hutii amri kwa redio. Kuna vikundi vinavyofanya hivyo kila wiki kwa miaka, kwa nidhamu ambayo baadhi ya majeshi ya kweli yangeitamani. Kwa hiyo anayerekodi mchezo wao hapati picha ya kitoto. Anapata msafara unaokwenda kwa mpangilio, wenye sauti za watu wazima.

Mablinde yenyewe yametengenezwa kwa kufuata ya kweli. Hiyo Marshall ya magurudumu manane imeigwa kutoka Badger, gari la jeshi la Afrika Kusini lililojengwa juu ya muundo wa Patria wa Finland. Nyingine iitwayo Gorgon imeigwa kutoka Pandur II, ambayo jeshi la Cheki lenyewe linaitumia. Ya tatu, Marid, ina magurudumu sita, nayo inafuata gari la kampuni ya Otokar ya Uturuki. Hapa tulitulia kidogo. Afrika Kusini iliingia mkataba wa kupata hizo Badger mwaka 2007, na mradi ukachelewa mwaka baada ya mwaka. Askari wake waliokuja kwetu Kivu walikuja na Casspir na Mamba, magari ya miundo ya zamani. Januari 2025, katika mapigano ya Sake na Goma, kumi na wanne kati yao waliuawa. Vijana wa Ulaya walikuwa wakiendesha Badger kwenye kompyuta tangu 2013; wanaume waliokufa kwenye mawe meusi ya Goma hawakuwa nayo. Kwa hiyo mtu akikuletea video ya msafara wa magari hayo ukipita mashambani kwetu, una sababu ya kuuliza yametoka wapi.

Lakini jambo lililo zito zaidi kwetu ni lingine. Mchezo huu umeachwa wazi ili wachezaji waurekebishe. Mtu huchukua blinde, akabadilisha rangi, akaondoa mzinga na kuweka bunduki ndogo, akabandika bendera anayotaka. Wengine huunda gari jipya kabisa na kulitoa bure kwa wenzao. Wengi wanafanya hivyo kwa kupenda ufundi tu, na hatuna neno nao. Ila fikirieni maana yake hapa. Katika mashariki yetu, mabishano mengi huishia kwenye alama: gari hili lilikuwa la nani, askari wale walivaa nini, bendera ipi ilionekana wapi. Kuna ripoti za wataalamu zinazojengwa kwa miezi juu ya maswali hayo, kwa ushahidi unaopimwa na kupimwa tena. Na sasa bendera juu ya blinde inaweza kuwekwa na mtu aliyeketi chumbani mwake, ambaye hajawahi kusikia jina Masisi. Gari lenye herufi za UN, gari la jeshi letu la FARDC, gari la jirani, yote kwake ni suala la rangi. Jiwe lililopiga mlango wa yule jirani yetu lilirushwa kwa sababu ya rangi hiyo.

Kampuni yenyewe imelia juu ya hili. Novemba 2022 ilitoa tangazo kwamba video za mchezo wake zinatumiwa kama habari za vita vya Ukraine, na kwamba kabla ya hapo zilikuwa zimetumiwa kwa Afghanistan, Syria, Palestina, hata kwa India na Pakistan. Ikaeleza kwamba kila video moja inapoondolewa, nyingine kumi hupandishwa kila siku. Pia ikataja dalili: picha hafifu sana, kamera inayotikisika, mara nyingi ni usiku, mara nyingi hakuna sauti, na watu wanaotembea hawaonekani, kwa kuwa mchezo hauwezi kuiga vizuri mwendo wa mwanadamu.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo iliyotutia aibu. Sisi tulihitaji kampuni ya Ulaya itufundishe hivyo? Nani asiyejua vita vya kwetu vinafananaje? Blinde ya kweli ikipita barabara ya kwetu, haipiti peke yake. Kando yake kuna mama mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni, kuna mbuzi anayevutwa kwa kamba, kuna pikipiki imebeba watu wanne na sufuria. Watoto wanakimbia nyuma yake hata wakikatazwa. Wakati wa mvua inazama, inakwama, askari wanashuka na kutukana, na ile mifereji ya magurudumu hubaki barabarani majuma mazima mpaka magari ya mizigo yanashindwa kupita. Video ile ilikuwa na mablinde manne na barabara tupu kama meza. Tope halikuwapo, wala mtu hata mmoja. Tulitazama vita visivyo na wakimbizi, tukaamini ni vya kwetu.

Labda tuliamini kwa sababu tumeyaona ya kweli mara nyingi mno. Mablinde meupe ya Umoja wa Mataifa yalikuwa Goma tarehe 20 Novemba 2012, siku M23 walipoingia mjini, na wengi wetu tunakumbuka yalivyosimama. Januari 2025 mji ulianguka tena. Mtu aliyepitia hayo mara mbili hahitaji kushawishiwa sana. Hofu yake imekwisha kujaa mafuta. Inangoja ufunguo tu.

Katika 2 Wafalme sura ya 7 kuna habari ambayo tulizoea kuihubiri kwa upande mmoja tu, upande wa furaha. Samaria imezingirwa, njaa imezidi, na usiku Bwana analisikizisha jeshi la Waaramu kishindo cha magari ya vita na farasi. Hakuna gari lolote. Ni kishindo tu. Wanakimbia, wanaacha hema, farasi, punda na chakula chote. Tulikuwa tukicheka pamoja na wakoma wanne waliokula na kunywa humo. Mwaka huu tuliisoma tena tukajikuta tuko upande wa wale wanaokimbia, na sisi hatukusikizishwa na Bwana.

Ila endeleeni kusoma. Habari inafika kwa mfalme usiku, nayo ni habari njema, tena ya kweli. Mfalme hakuitangaza. Alishuku. Mtumishi wake mmoja akatoa shauri, wakatwaliwa watu wenye magari mawili na farasi, wakatumwa wakatazame. Walifuata njia mpaka Yordani, wakaona nguo na vyombo vilivyotupwa, wakarudi kusema. Magari mawili ya kweli yalitumwa kuchunguza magari ambayo hayakuwapo! Na hata baada ya uchunguzi huo, watu walipotoka kwa kishindo, mtu mmoja alikanyagwa langoni akafa. Habari ya kweli tu, iliyothibitishwa, iliweza kukanyaga mtu langoni.

Mzee mmoja wa kanisa alitupinga kwenye kikao, na hoja yake ina uzito. Alisema: ninyi mnataka tuthibitishe, lakini aliyengoja kuthibitisha ndiye aliyekutwa nyumbani. Ni kweli. Hatumwambii mtu yeyote asikimbie. Mama anayesikia risasi nyuma ya shamba lake hahitaji video wala ruhusa ya mchungaji, aende. Tunachosema kinahusu mkono ulioshika simu, ulio mbali na risasi hizo, unaotuma kwa watu mia mbili kitu ambacho haukukiona. Torati inadai mashahidi wawili au watatu kabla ya neno kusimama. Kutuma video ni kushuhudia, hata ukiandika "nimetumiwa tu". Na anayeshuhudia dhidi ya jirani kwa picha asiyoijua chanzo chake amevunja amri tunayowafundisha watoto wa Shule ya Jumapili.

Tuwatendee haki na hao watengenezaji. Mwaka 2017 walishirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kutoa sehemu ya mchezo inayohusu sheria za vita. Humo mchezaji anakuwa mtu wa kutegua mabomu, anarudi katika kijiji kilichoharibiwa, na anaona kilichobaki baada ya kila jeshi kupita. Nusu ya mapato ya mwaka huo ya sehemu hiyo walimpa Msalaba Mwekundu. Kijana wetu ameicheza. Alituambia kwamba ndiyo sehemu pekee iliyomfanya azime kompyuta akakae nje. Tumemwomba msamaha kwa yale makemeo, mbele ya wale wale wenzake.

Tumemwomba pia kitu kingine. Mtandao wa makanisa yetu una jambo ambalo hata redio kubwa hazina: karibu kila barabara kuna kusanyiko, na kila kusanyiko lina mtu mwenye simu ambaye jina lake linajulikana. Tumeandika majina hayo katika daftari moja, barabara kwa barabara. Video ikifika, haisogei. Kijana anaiangalia kwa jicho lake, sisi tunapiga simu kwa watu wawili wanaoishi pale panapotajwa, na swali ni moja: wewe mwenyewe, kwa macho yako, umeona nini? Mtandao ukiwa umekatwa, tunasema hatujui, na tunaandika hivyo hivyo katika kundi. Jirani mwenye duka tulimtembelea na mashemasi wawili, tukatengeneza mlango. Hakusema mengi.

Jumamosi iliyopita video nyingine iliingia, mablinde tena, safari hii mchana, yenye maandishi mekundu. Tulipiga simu. Mchungaji mwenzetu wa upande ule alichelewa kupokea, na nyuma yake kulikuwa na kelele nyingi. Tukamwuliza anaona nini.

"Niko sokoni," akasema. "Nanunua sambaza. Kuna nini?"