Skrini ya Bluu Si Hukumu ya Kuformata

Hapa Bukavu, kompyuta ikianguka kwa skrini ya bluu, hukumu hutoka kabla ya uchunguzi: formata. Mwanafunzi anarudi nyumbani na mashini safi isiyo na TFC yake, yaani kazi yake ya kumaliza masomo. Hasara hiyo inatokana na madai yasiyo na msingi.

“Ni umeme wa SNEL.” Umeme wa shirika hilo ukikatika, mashini huzimika kimya. Skrini yenye msimbo huandikwa na kenali yenyewe, yaani kiini cha mfumo, inaposimama ili isiharibu data.

“Ni virusi, ongeza antivirusi.” Hapo ugonjwa unazidishwa. Antivirusi nyingi na baadhi ya VPN huweka draiva ndani ya kenali, kwenye njia ya paketi za mtandao. Programu ya kawaida ikikosea hufungwa peke yake. Draiva ikikosea huangusha mfumo mzima. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya CrowdStrike, programu ya usalama, iliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Nchini kwetu, X na TikTok zilipofungwa Februari 2025, wengi walikimbilia VPN. Laptop yenye VPN tatu na antivirusi mbili ina draiva kadhaa zinazogombea paketi zile zile.

“Skrini imetaja tcpip.sys, basi Windows imeoza.” Dai hili lina sura ya ushahidi, ndiyo maana linapotosha hata mafundi wazuri. Tcpip.sys, ndis.sys na netio.sys ni za Microsoft, na mara nyingi hutajwa kwa kuwa ndizo zilizokuwa kazini draiva ya mgeni ilipokwisha kuvuruga memori. Msimbo 0xD1 maana yake draiva iligusa anwani ya memori isiyofikika wakati kenali haiwezi kusubiri. Fungua faili iliyomo C:\Windows\Minidump kwa WinDbg, andika !analyze -v, usome draiva zilizoitana kabla ya kuanguka. Isiyo ya Microsoft ndiyo ya kushukiwa kwanza. Asiye na mega za kutosha atumie BlueScreenView, ambayo ni ndogo sana.

“Kuformata ni haraka.” Kwa fundi, labda. Badala yake, washa kwa mode sans échec (hali salama), nakili faili za mwenye mashini, kisha ondoa VPN na antivirusi za ziada, moja moja, ukijaribu kila mara. Futa pia kadi pepe za mtandao zilizobaki. Ikizidi kuanguka, pima RAM: memori mbovu hutoa misimbo hiyo hiyo, na kuformata hakuiponyi.