Dhiki si Kipimo cha Mtu

Bibi yule tulimzika Jumatano. Kufikia saa nne asubuhi uani kwake hapakuwa na pa kukanyaga: unga debe zima, maharage yanachemka kwenye sufuria tatu, turubai la kukodi, na madumu ya lita ishirini yamepangwa ukutani, maji yaliyochotwa ziwani na wasichana ambao hakuna aliyewatuma. Vijana wa mitumbwi walichimba kaburi wasidai hata soda. Daftari la rambirambi lilijaa kurasa mbili na nusu. Jina langu limo, shilingi elfu kumi.

Kisha nikatumwa jikoni kwake kufuata mwiko. Nikainama mlangoni, nikaingia. Mafiga matatu. Hakuna dirisha. Masizi yameganda darini mpaka yanang'aa kama lami. Kuni zilizobaki zilikuwa vijiti vya kuokoteza, vyembamba kama vidole. Pembeni palikuwa na dumu moja tu la maji, la lita tano, kwa kuwa lita tano ndizo alizoweza kuzibeba. Na nje yalijaa yale ya lita ishirini, naye hayupo tena wa kuyatumia. Nimekaa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, miaka mingi, hatua zisizofika mia mbili kutoka jiko lile, na ile ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kuingia.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na methali moja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tumeipokea utotoni, tumeiandikia insha shuleni, tumeikuta kwenye kanga, na sasa ndiyo mizani tunayopimia watu wote. Fulani ni mtu mwema, alikuja msibani. Fulani hafai, nilipolazwa sikumwona. Nasema mizani hii ni mbovu. Haimpimi mtu tabia yake hata kidogo, na kwa kuiamini tumewaacha watu wafe huku tukijisifu kwa jinsi tunavyozika.

Dhiki ina mashahidi. Ina daftari, na ina mwisho unaojulikana. Asiyefika msibani kesho ataulizwa, na kila mtu anajua kwamba usipozika hutazikwa. Simdharau anayechimba kaburi. Desturi hiyo ndiyo iliyotushikilia, Mungu asituondolee. Lakini lile ni deni, nasi watu wa ziwani hulilipa vizuri. Hata mwizi wa nyavu huja kuzika. Hata jirani aliyemnyima marehemu chumvi huja, tena hulia kwa sauti kuliko wafiwa.

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Wavuvi ndio waliowahi, na mitumbwi yao. Watu 24 walipona, 19 wakafariki. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyesaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia, alipewa shilingi milioni moja, na serikali ikaagiza aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na zaidi. Lakini Novemba 5 wavuvi walikuwa nani kwetu? Watu tunaowakwepa kwenye daladala kwa shombo la samaki. Watu wanaoingia majini usiku bila jaketi la kuokolea maisha, na hakuna anayewauliza. Kasia la Novemba 6 ni lile lile la Novemba 5. Sisi ndio hatukuliona mpaka ndege ilipoanguka.

Turudi kwenye masizi. Mwanamke anayepika kwa kuni miaka hamsini, ndani ya chumba kisicho na dirisha, macho yake huwa mekundu. Ni moshi. Mtoto aliyewahi kupuliza moto kwa dakika kumi anajua, hahitaji daktari. Lakini katika nchi hii macho mekundu ya bibi yamegeuzwa ushahidi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimetaja mwaka baada ya mwaka wazee, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928; haijawahi kumtobolea bibi yeyote dirisha.

Sisi wa Rukwa tunaijua kauli ya kutupokea tukiteremka basi Dar es Salaam: unatoka Sumbawanga? Usije ukaniroga. Jina la mji huo, kwa Kifipa, linaagiza uchawi utupwe, na wanaotucheka wamelisoma kinyume. Mzaha huo unaniuma. Unaniuma zaidi ninapousikia hapa hapa kwetu, kwa sauti ya chini, ukielekezwa kwa bibi aliyebaki peke yake baada ya wanawe kuhamia Mpanda na Tunduma.

Tuhuma hizi hazizaliwi siku ya msiba. Huzaliwa katika zile siku mia tatu na zaidi ambazo hakuna aliyeingia jikoni mwake. Mtu unayemchotea maji huwezi kumwogopa. Umeshaona chungu chake, umeshasikia kikohozi chake, unajua macho yake yalianza lini kuwa mekundu na ni jicho lipi lililotangulia. Anayeonekana kwa mbali tu, jioni, akiokota vijiti kando ya njia, huyo ndiye anayezushiwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kijiji chetu kina upendo kwa sababu tunazikana, humwuliza bibi zetu walio hai wanapikia wapi.

Mwaka 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naunga mkono. Ila bibi wa miaka themanini hana miaka kumi ya kungoja mtungi wa gesi, na kutoboa dirisha kwenye ukuta wa udongo ni kazi ya asubuhi moja kwa kijana mwenye sururu. Sururu zipo. Ndizo zilizochimba kaburi.

Waliotutangulia huko juu, kwenye nyanda za Ufipa, nadhani walilijua hili. Salamu ya Kifipa si ya kurusha. Unasimama, unajishusha, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari mpaka ziishe. Mikono ikiwa kwenye usukani wa pikipiki huwezi kupiga makofi. Siku hizi vijana wa bodaboda wanaelekea Namanyere wakipaza "Shikamoo bibi!" wakiwa mwendoni, na kabla bibi hajaitikia, vumbi limeshamfunika. Mtu huyo huyo, bibi akifa, atasomba waombolezaji bure kutwa nzima. Tutasema ana moyo.

Ukitaka kumjua mtu, achana na msibani. Nenda ufukweni mbalamwezi ikiwa imekwisha na dagaa wameanza kupatikana. Tazama muuzaji anavyompimia sado mtoto aliyetumwa. Akija mtu mzima, sado hutikiswa, hugongwa chini, dagaa wakashuka, wakaongezwa mpaka wakafanya kichuguu. Akija mtoto, wapo wanaopima juu juu: dagaa wamekingamana vichwa kwa mikia, nusu ya sado ni hewa. Mtoto hajui. Mama yake yuko mbali. Hakuna anayeandika. Namjua mwanamke mmoja ambaye mtoto akija humgongea sado mara mbili, kisha humfunga mfuko kwa fundo asimwage njiani. Msibani hukaa nyuma, kimya, na sijamwona akitoa machozi. Kwa mizani ya methali yetu huyo si mtu wa watu, na nimesikia kwa masikio yangu akiitwa mkavu.

Nitaambiwa kila mtu ana mzigo wake, na kwamba dhiki angalau hutuamsha. Basi tuikumbuke dhiki isiyo na turubai. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili samaki wazaliane. Sibishani na uamuzi huo. Wavuvi wenyewe walikuwa wameona migebuka inavyopungua. Nazungumzia tulivyoishi ndani yake. Wiki za kwanza tulikuwa ndugu. Aliyekuwa na shamba alimgawia mihogo mwenye mtumbwi, na tulipongezana kwa hilo. Ilipofika wiki ya tisa hapakuwa tena na habari ya kusimuliana. Njaa ilikuwa imeshakuwa siku ya kawaida. Milango ikaanza kufungwa mapema, giza halijaingia, asije mtu kubisha na bakuli. Wangu pia nilifunga. Aliyenifaa wiki ya kwanza simlaumu kwa wiki ya tisa, maana nami nilikuwa yeye. Ila siwezi tena kusema kwamba wiki ya kwanza ilinionyesha yeye ni nani, au mimi ni nani.

Waalimu wa Kiswahili wanaosoma haya, mnapowapa watoto methali hii waitungie kisa, nawasihi mbadilishe swali. Msiwaulize nani alikuja kumwokoa Juma alipozama. Waulizeni nani alijua, kabla Juma hajazama, kwamba mtumbwi wake unavuja.

Jirani yangu ana mtoto wa darasa la nne. Kila jioni hupanda kutoka ziwani na dumu la lita kumi kichwani. Kabla ya kufika kwao hukata kona kwa mzee mmoja mwenye miguu mibovu, hummiminia maji kwenye ndoo mpaka ufa fulani anaoujua yeye, halafu huendelea na safari. Kwao hufika na maji pungufu, na mama yake hajawahi kumgombeza. Wiki iliyopita nilimsimamisha, nikamwuliza kama yule ni babu yake.

"Hapana," akasema, akiiweka sawa kata kichwani. "Ila nyumba yake iko njiani."