Mbunge wa Kyela: Wa wapiga kura au wa wajumbe?

HATIMA ya aliyekuwa Mbunge wa Kyela, Dk. Harrison Mwakyembe, inaonyesha kwa nini mbunge wa Tanzania hulazimika kukitazama chama chake kabla ya kuwatazama wananchi.

Dk. Mwakyembe, aliyechaguliwa mwaka 2005 kwa tiketi ya CCM, alipata sifa nchi nzima alipoongoza Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Ripoti hiyo ilimfanya Waziri Mkuu, Edward Lowassa, kujiuzulu Februari 2008.

Mwaka 2020 safari yake ilikomea kwenye kura za maoni, na ubunge ukaenda kwa Ally Mlagila Jumbe. Hoja si kama wajumbe walikosea au walipatia. Hoja ni kwamba mamia ya wajumbe walikwisha kuamua kabla makumi ya maelfu ya wapiga kura hawajaulizwa. Mwaka 2010 CCM iliruhusu wanachama wote kupiga kura hizo. Mwaka 2020 ikarudi kwa wajumbe. Mwaka 2025 idadi yao iliongezwa, lakini neno la mwisho lilibaki kwa vikao vya juu.

Katiba ya mwaka 1977 inakaza fundo hilo. Ibara ya 67 inamtaka mgombea apendekezwe na chama, na ibara ya 71 inamvua ubunge anayeacha chama hicho. Mwananchi hana kifungu kama hicho. Mkulima wa kakao na mpunga, mvuvi wa Matema, au mkazi wa kando ya Mto Songwe aliyefurikiwa na maji, akipuuzwa na mbunge wake hana budi kusubiri miaka mitano.

Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza wananchi waweze kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha, na ukomo wa vipindi vitatu. Bunge Maalumu la Katiba liliyaondoa yote mawili mwaka 2014.

Hata hivyo, kifungu pekee si dawa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatoa haki hiyo, lakini hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa kwayo.

Kwa Kyela, dawa iliyo karibu zaidi ni kupanua mlango wa uteuzi. Anayeteuliwa na wachache atawajibika kwanza kwa wachache hao.